Sikukiona

Mtu wa kwanza kumkamata mwizi wangu alimkamata kwa silabi moja. Yuko Kigoma, hatujawahi kuonana, na alinitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane huku mvua ikipiga bati nyuma yake: "Kaka, mwizi ni mkalimani. Amesema 'sikukiona'. Nani alimwambia kwamba kilichopotea ni 'ki'?" Nilisimama uani nikausikiliza ujumbe ule mara tatu. Kisha nikaingia ndani nikamwamsha mama, maana furaha yenyewe ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Kama hujamaliza sehemu ya kwanza ya mchezo, simama hapa ukacheze kwanza. Siwezi kueleza kazi hii bila kufichua siri yake.

Mchezo unaitwa Daftari la Mzee Kabamba. Ni mfululizo wa kesi za upelelezi za kuchezwa kwenye simu, ninautengeneza peke yangu katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, Katuba, Lubumbashi, huku Kongo. Mchana natengeneza simu na kompyuta za watu, usiku naandika kesi. Sehemu ya kwanza imetoka. Ya pili imefika mbali. Ya tatu bado ni karatasi zilizobandikwa ukutani.

Mpelelezi wangu hana bunduki wala kitambulisho cha polisi. Alikuwa karani wa mahudhurio wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, mtu wa kukaa getini na kuandika nani ameingia kazini saa ngapi na nani ametoka. Aliondoka mwaka 2003, katika ule mpango ambao wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiacha kampuni, ule ambao mji mzima unauita "départ volontaire", yaani kuondoka kwa hiari. Kila aliyekulia Lubumbashi anamjua mzee wa namna hiyo: ni jirani, ni mjomba, au ni baba yake mwenyewe. Kazi iliisha, mazoea ya getini hayakuisha. Mzee Kabamba anakaa barazani na kaye yake (daftari) na biki (kalamu), anaandika nani amepita. Watu wanamletea mambo yao kwa sababu anakumbuka saa.

Kesi ya kwanza iko sokoni, katika komini ya Kenya (komini ni kama wilaya ya hapa mjini, si ile nchi). Akina mama kumi na wanne wanaouza ndakala na kapenta, samaki wale wadogo, wana likelemba yao. Ndugu zangu wa Tanzania mnaita upatu: kila juma kila mmoja anatoa kiasi kile kile, na mmoja anachukua zote kwa zamu. Asubuhi moja kitabu cha likelemba hakipo. Pesa zipo, kitabu hakipo. Ukifikiri utaona kwamba hilo ni baya kuliko pesa kuibwa. Bila kitabu hakuna anayeweza kuthibitisha nani ameshakula zamu yake na nani bado, na akina mama kumi na wanne waliokaa meza moja miaka sita wanaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo Mama Feza, mwenyekiti wao, anamsihi Mzee Kabamba afiche jambo. Aulize tu kuhusu "mali ya akina mama". Soko zima linadhani ni pesa.

Hadithi hiyo niliiandika kwanza kwa Kifaransa. Shule nilisoma kwa Kifaransa, na mkono wangu ukishika biki kwa kazi ya kupanga, Kifaransa ndicho kinachotangulia. Niliandika mandhari kumi na nane, nikaridhika, kisha nikaanza kuzitafsiri. Nikamsomea mama yangu, ambaye hapendi kusoma kwenye simu lakini anasikiliza vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alinyamaza mpaka mwisho, akasema: "Aba bantu banasema sawa vile redio." Hakuongeza neno.

Alikuwa na haki. Lakini tatizo lilikuwa kubwa kuliko sauti zao. Kifaransa kilikuwa kimeshawakamata nusu ya washukiwa kabla Mzee hajafungua kaye yake. Shahidi wa kwanza, mtoto anayeuza vitumbua, anasema aliona mtu akitoka nyuma ya meza ya Mama Feza. Kwa Kifaransa mtu huyo lazima haraka sana awe "il" au "elle". Ilibidi nizunguke, niweke sentensi za ajabu ambazo hakuna mtoto wa Kenya anayezisema, ili nisimtaje. Kwa Kiswahili mtoto anasema "alitoka nyuma ya meza" na imekwisha. Ni mwanaume, ni mwanamke, ni kijana, ni mzee: "a" imewafunika wote kwa kitenge kimoja.

Nilizifuta mandhari zote kumi na nane. Ilikuwa kazi ya miezi mitano, na sikuificha hata mahali pa akiba, kwa sababu nilijijua: ningebaki na nakala ningerudi kuichungulia. Nikaanza upya, kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza.

Hapo ndipo "ki" ilipojitokeza. Nilikuwa naandika mahojiano ya mkalimani wa kanisa, yule anayesimama pembeni ya mhubiri na kugeuza Kifaransa kuwa Kiswahili kwa sauti kubwa kuliko mhubiri mwenyewe. Mzee anamuuliza, "Uliiona mali ya akina mama?" Vidole vyangu vikaandika jibu: "Hapana, mzee. Mimi sikukiona." Nilitaka kusahihisha. Mali ni "i", pesa ni "zi". Alipaswa kusema "sikuiona", au kama anadhani ni pesa, "sikuziona". "Ki" ni ya kitabu. Nilikuwa nafikiria kitabu mimi mwenyewe, ndiyo maana kikanitoka, na nikatulia na mkono hewani, kwa sababu kama kimenitoka mimi ninayejua, kitamtoka na yeye anayejua.

Hakuna muziki unaobadilika pale. Hakuna herufi nyekundu. Mkalimani anasema, Mzee anaitikia, mazungumzo yanaendelea kuhusu bei ya chumvi. Ushahidi wote wa kesi umepita mbele ya macho yako kwa silabi moja.

Nilipowapa watu wa kujaribu, tisa wa hapa Lubumbashi walipita pale bila kusimama. Wote tisa. Wawili wa Tanzania walisimama papo hapo, ila mmoja wao alidhani nimekosea kuandika na akanishauri nirekebishe.

Nililifikiria jambo hilo juma zima. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kina njia zake. Sisi tunasema "muntu" na "bantu", tunasema "eko wapi", na watu wengi hapa watakwambia "kitabu ilipotea" bila kuona kasoro, kwa sababu kwetu hiyo si kasoro. Ni Kiswahili kamili cha mji uliojengwa na watu waliotoka kila upande kuja kuchimba na kuyeyusha shaba, na kina maandishi yake: mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu kilitoa historia ya mji huu kwa lugha hiyo hiyo, kama ilivyosemwa, bila kuinyoosha. Kwa hiyo sikutaka kuwaambia wachezaji wangu tisa kwamba hawajui lugha yao. Wanaijua. Kidokezo changu ndicho kilichokuwa kinaongea na watu wa pwani pekee.

Lakini kabla sijapata dawa, kidokezo chenyewe kilipotea. Rafiki mmoja, mwalimu, mtu makini sana, alijitolea kupitia maandishi yote kabla ya toleo lililofuata. Alifanya kazi nzuri mno. Aliondoa herufi zilizorudiwa, akaweka koma, na akabadilisha "sikukiona" kuwa "sikuiona", kwa sababu kisarufi alikuwa sahihi: mali haikubali "ki". Sikuona. Toleo lile lilikaa kwenye simu za watu majuma mawili, na hakuna hata mmoja aliyemaliza kesi. Nilianza kuamini kwamba nimeandika fumbo lisilofumbulika. Nilimwongezea Mama Feza mistari ya kusaidia, nikaongeza alama ya kiatu, nikaharibu mandhari mbili nzuri kwa kuzijaza maelezo. Kisha usiku mmoja nikacheza mwenyewe toka mwanzo, nikafika kwa mkalimani, nikasoma "sikuiona", na nikahisi tumbo limeanguka. Mwizi wangu alikuwa hana hatia. Kwa majuma mawili hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumshika, kwa sababu hakuwa amesema kitu.

Tangu siku hiyo kila mhusika ana karatasi yake ya lugha. Mama Feza anasema "ba", hasemi "wa". Mtoto wa vitumbua anachanganya Kifaransa anapoogopa. Mkalimani anasema sanifu mpaka kwenye ugomvi. Maandishi yote yapo kwenye jedwali moja ambalo Godot inalisoma (Godot ni programu huria ya kutengenezea michezo, hailipiwi, ndiyo maana mtu kama mimi yuko katika kazi hii). Niliandika skripti ndogo inayolipitia jedwali kabla ya kila toleo. Mistari yenye ushahidi nimeifunga kwa alama, na mstari uliofungwa ukiguswa hata kwa herufi moja, skripti inakataa kutoa toleo na kunionyesha mstari. Mistari iliyofungwa katika sehemu ya kwanza ni kumi na mmoja tu. "Sikukiona" ni wa kwanza.

Dawa ya wale wachezaji tisa niliipata sokoni, siyo mezani. Nilikuwa nasubiri mteja, nikamsikia mtu mzima akimrekebisha kijana kuhusu neno, kwa ukali, mbele za watu, na kijana akarudia neno lile kwa kejeli kwa wenzake mara tano. Nikaandika mandhari hiyo usiku ule ule. Sasa, mapema katika mchezo, mtoto wa vitumbua anamwambia mkalimani, "Kitabu yako ilianguka," akimwonyesha kitabu cha nyimbo kilichoanguka matopeni. Mkalimani hasemi asante. Anasema: "Kitabu changu ki-li-anguka. Ki! Ki!" Mtoto anaokota, anamkabidhi, na siku nzima inayofuata watoto wa soko wanapita wakiimba "ki, ki, ki" kama vifaranga. Mchezaji anacheka na kuendelea. Saa moja baadaye mkalimani anasema "sikukiona", na mtu wa Katuba ambaye hajawahi kujali ngeli maishani mwake anasikia wale watoto.

Ni mandhari ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika. Katika kundi lililofuata la kujaribu, watu sita kati ya wanane wa hapa Lubumbashi walimshika mwizi. Mmoja alipiga kelele kwenye teksi.

Kuna jambo jingine kuhusu mwizi huyo. Mwanzoni hakuwa mkalimani. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa kutoka Tanzania, kwa sababu nilihitaji mtu anayesema sanifu, na hiyo ndiyo njia ya karibu. Mama aliposikia mpango alikunja uso: "Ju ya nini mwizi njo mugeni?" Yaani, kwa nini mwizi ndiye mgeni? Sikuwa na jibu. Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, aliandika amri kumi za hadithi za upelelezi, na ya tano inakataza kumweka Mchina katika hadithi. Nilipoisoma mara ya kwanza ilinichukiza. Kisha nikaelewa ilitoka wapi: magazeti na vitabu vya bei rahisi vya zama zile vilikuwa vimejaa Wachina waovu waliotupwa ndani ili mwandishi asisumbuke kutafuta sababu ya kweli ya uovu. Hapa kwetu, katika mji wa shaba na kobalti ambao kampuni za Kichina zina kazi kubwa ndani yake, ukiwauliza watu kumi nani ameiba, kuna atakayetaja Mchina kabla hujamaliza swali. Mgeni ni mshukiwa wa bure. Nilimtoa mfanyabiashara kwenye kesi, nikamfanya awe mtu anayewapa akina mama samaki kwa mkopo, na wizi nikaurudisha nyumbani, kwa mtu anayesalimiwa na soko zima kila Jumapili. Hadithi ikawa nzito zaidi, maana sasa inauma.

Amri ya nane ya Knox ndiyo niliyoiandika ukutani: kila kidokezo mpelelezi anachokiona, msomaji akione papo hapo. Mzee Kabamba hajui kitu ambacho wewe hujakisoma.

Daftari lenyewe lilinipa taabu ya aina nyingine. Mchezaji anakusanya kauli za watu, na anapoona kauli mbili haziwezi kuwa kweli pamoja, anazichorea mstari. Katika toleo la kwanza daftari lilijibu papo hapo: sawa au si sawa. Watu wakawa wanachora kila mstari na kila mstari mpaka kitu kikubali. Nilimtazama binamu yangu akimaliza kesi nzima bila kufikiri hata mara moja, kidole kikikimbia kama anapiga namba ya simu. Jibu nilijifunza kwa Lucas Pope. Katika mchezo wake Return of the Obra Dinn wa mwaka 2018, unatafuta hatima ya watu 60 wa meli moja, na mchezo unathibitisha majibu matatu kwa pamoja tu, yakiwa yote sahihi. Kubahatisha moja ni rahisi, kubahatisha matatu ni adhabu. Nilichukua kanuni hiyo. Mzee Kabamba sasa hasemi kitu mpaka mistari mitatu iwe sahihi, ndipo anavua miwani, anaifuta kwa shati, na kufunga ukurasa.

Kuhusu mambo ya kutoa mchezo nitasema kidogo tu, kwa kuwa wengi mnauliza. Akaunti ya mtengenezaji kwenye duka la programu la Google inalipiwa dola 25 mara moja, na kwa akaunti mpya ya mtu binafsi, kabla ya kutoa mchezo kwa umma, unatakiwa kuwa na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Anza kuwatafuta mapema. Faili nimelazimisha libaki chini ya mega 50, kwa sababu hapa mchezo husafiri kutoka simu hadi simu mkononi, na mtu hatatumia mega zake zote kwa mzee asiyemjua. Ndiyo maana picha zote nimezichora kwa biki kwenye karatasi, rangi mbili tu: nyeusi, na ile zambarau ya maua ya jakaranda ya mwezi wa kumi. Bomba refu la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba vinaonekana nyuma karibu kila mahali, kama ilivyo mjini. Umeme ukiwepo saa nane za usiku, naamka saa nane za usiku.

Sasa sehemu ya pili. Kesi ni ya makala, yaani mkaa wa kupikia. Magunia saba yametoweka usiku kwenye depo (ghala) iliyoko Ruashi, na anayeshukiwa ni kijana wa baiskeli, mmoja wa wale wanaosukuma magunia matatu manne kutoka porini hadi mjini wakiwa wameinama kama wanaisukuma dunia. Ushahidi pekee ni kaye ya sentineli (mlinzi), na ndani ya kaye kuna mstari mmoja: "3. Alipita na gunia." Bosi wa depo, mtu wa Kifaransa, anasoma saa tisa za usiku. Saa hiyo kijana hana wa kumtetea. Mzee Kabamba, aliyeandika saa za watu maisha yake yote, anaangalia ile tatu, anauliza: "Saa tatu ya nani?" Sentineli anahesabu kwa Kiswahili. Tatu yake ni ile ya usiku kuingia, watu wakiwa bado wanakula bukari (ugali), na saa hiyo kijana alikuwa kwenye mkesha wa maombi, mbele ya watu mia.

Nilikuwa nimeongeza na saa ya Kinshasa. Nchi yetu ina majira ya saa mawili, Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, na mwenye depo anaishi kule, kwa hiyo ujumbe alioupokea kwenye simu yake unaonyesha saa 20:10 wakati huku ilikuwa 21:10. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri sana. Kwenye mikono ya watu ilikuwa hesabu. Wajaribu walitoa kalamu, wakaandika majira matatu ubavuni, wawili wakaacha kabisa. Nimeitoa yote, pamoja na mandhari nne zilizoibeba. Kesi moja inatosha swali moja la saa. Kinshasa itasubiri sehemu ya tatu, ambako pia kuna mtoto anayesema "Baba njo alinituma", na wewe mchezaji itabidi ujue ni baba gani, aliyemzaa, baba mkubwa au baba mdogo. Kwa Kifaransa ningelazimika kuchagua "père" (baba) au "oncle" (ndugu yake) kwenye sentensi ile ile.

Wanaouliza kuhusu toleo la Kifaransa, hapo ndipo lilipo. Nimejaribu sehemu ya kwanza. Cha ajabu ni kwamba "sikukiona" inawezekana, kwa njia finyu: "je ne l'ai pas vue" kwa mali, "je ne l'ai pas vu" kwa kitabu. Kidokezo kinabaki kwenye "e" moja isiyosikika, na kwa hiyo mkalimani itabidi aandike jibu lake badala ya kulisema. Nitalifanya. Lakini "alipita na gunia" bado sijapata pa kuipitishia, na sitaandika sentensi za kuzunguka tena.

Mandhari za sehemu ya pili ni ishirini na mbili, nimemaliza kumi na sita. Michoro tisa kati ya kumi na minne. Juma lililopita nilidhani nimemaliza kumi na saba, nikamsomea mama ile ya kaye. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Nikasoma, "Alipita na gunia." Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Mwanaume ao mwanamuke?"

Nikafurahi, maana hilo ndilo swali lenyewe, mchezo mzima wa sehemu ya pili unakaa juu yake. Nikamwambia kaye haisemi.

"Basi mumupigie simu sentineli."

Sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimempeleka sentineli matangani Likasi na kuizima simu yake, bila sababu, kwa sababu tu nilimhitaji asiwepo. Mama aliona. Akasema mtu aliyefiwa ndiyo kwanza simu yake inaita kila dakika, na akarudi kwenye maharage.

Kwa hiyo sasa Mzee Kabamba anapiga simu, na sentineli anapokea, na anajibu ukweli alioujua: mvua ilikuwa inanyesha, aliyepita alikuwa amejifunika kitenge toka kichwani, basi ni mama. Anasema hivyo kwa uhakika wote. Ni mchezaji atakayepaswa kukumbuka kwamba mandhari tatu nyuma, katika mvua nyingine, alishaona nani mwingine pale depo hujifunika kitenge. Jibu la sentineli nimeliandika mara nne. La nne mama amelisikia, ameuliza rangi ya kitenge, na bado sijajua rangi.